Siri ya nyumba ya Kioi: Tunavyoisoma 'Nitaolewa Nikitaka' hapa Hulugho

"Maalim, kwa nini huyu mzee anatundika hati yake ukutani? Si ataibiwa?"

Swali hili niliulizwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule moja ya upili hapa Hulugho, alasiri moja ambapo joto lilikuwa limetufukuza darasani tukahamia chini ya mgunga. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeifungua tamthilia ya Nitaolewa Nikitaka yake Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Si kitabu cha mtihani. Tunakisoma kwa ziada, nakala nne kwa wanafunzi thelathini na kitu, na anayesoma kwa sauti ndiye mwenye kitabu.

Tamthilia inaanzia nyumbani kwa Kiguunda, kibarua wa shambani. Kuta ni za udongo, vyombo ni vichache, upanga umening'inia, na ukutani pale pale kuna hati ya kumiliki ekari moja na nusu ya ardhi, imetundikwa kama watu wengine wanavyotundika picha ya arusi. Nikamjibu mwanafunzi jibu la kimwalimu: hati ni ishara, inaashiria utu na matumaini ya mhusika. Akaandika daftarini kwa adabu, lakini usoni niliona hakushiba.

Wiki hiyo hiyo nikisahihisha insha nikakuta mwenzake ameandika kwamba Kiguunda "ametundika hanti yake ukutani". Kalamu nyekundu ilikuwa tayari hewani, nikasita. Hanti kwa Kisomali ni mali, ule utajiri wa mtu. Hati ni maandishi, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, khatt. Mtoto alichanganya lugha mbili, lakini katika kuchanganya kwake akaisoma tamthilia vizuri kuniliko mimi. Katika nyumba ile karatasi imegeuka mali. Na mali ikishakuwa karatasi, mwenye hila anaweza kuichukua yote bila kushika jembe wala kuswaga ng'ombe hata mmoja.

Makala haya yametokana na kosa hilo la tahajia. Nataka kudai kwamba tumeizoea mno tamthilia hii kama hadithi ya maskini aliyedhulumiwa, hata tumesahau kuisoma kama hadithi ya familia tajiri yenye mambo yake ya kuficha. Na nataka kueleza kwa nini usomaji huo wa pili una uzito kwetu sisi wa Ijara na Hulugho, ambako ardhi haina hati ya mtu mmoja mmoja.

Kwanza, historia kidogo

Msomaji anayeijua habari hii anivumilie. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, walijijengea ukumbi wa wazi wa maigizo kwa mikono yao. Tamthilia yenyewe iliandikwa kwa Kigikuyu kwa jina la Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yalifanywa hadharani. Wazee na akina mama waliokuja kutazama walikosoa lugha ya wahusika, wakarekebisha nyimbo, wakasahihisha historia. Waandishi walikubali. Ilianza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo, watu wakafurika, na katikati ya Novemba serikali ikaondoa kibali. Siku ya mwisho ya mwaka, Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini katika Gereza la Kamiti hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Ngugi wa Mirii alikimbilia Zimbabwe na huko ndiko alikofia mwaka 2008. Mwenzake alifariki Marekani Mei 2025.

Tafsiri ya Kiswahili ilichapishwa na Heinemann mwaka 1982. Jukwaani, mchezo ulirejea Mei 2022 katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi, ukichezwa kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza. Sisi wa huku tukabaki na kitabu. Silalamiki sana, kitabu kinafika Hulugho hata mvua inapoikata barabara ya Masalani, ingawa kinachelewa.

Nikumbushe kisa kwa ufupi. Kiguunda na mkewe Wangeci wanatembelewa na mwajiri wao, Ahab Kioi wa Kanoru, tajiri na mcha Mungu wa kusifika, pamoja na mkewe Jezebel. Maskini hawa wanadhani ugeni umekuja kumposa binti yao Gathoni, kwa maana anatoka na kijana wa tajiri, John Muhuuni. Kumbe wageni wanawataka wazee wenyewe wafunge ndoa ya kanisani, waache kuishi "katika dhambi". Nyuma ya dini kuna biashara: Ikuua wa Nditika, mshirika wa Kioi, pamoja na wageni kutoka ng'ambo, wanaitaka ile ekari moja na nusu wajenge kiwanda cha dawa ya wadudu. Kiguunda anakubali arusi kwa kudhani inamfungulia binti yake njia. Anachukua mkopo wa benki, hati inakuwa rehani. Muhuuni anampa Gathoni mimba na kumkana. Kiguunda anafutwa kazi, ardhi inapigwa mnada, na mnunuzi ni yule yule Kioi.

Geti la runinga na mlango wa Kamiriithu

Hebu tuilinganishe hadithi hii na tamthilia za runinga tunazokesha nazo. Unajua zilivyo. Kuna geti kubwa, kuna ngazi zinazong'aa, kuna mama mwenye nyumba aliyejipamba saa nne asubuhi na hana pa kwenda. Halafu kuna siri: mtoto wa nje, wosia uliobadilishwa, ugonjwa usiotajwa. Maria ya runinga ya Citizen, iliyoanza mwaka 2019, ilimchukua msichana wa mtaa wa mabanda ikamwingiza katika nyumba ya namna hiyo, na nchi nzima ikaketi. Hata hapa Hulugho, penye sola na dishi, watu waliketi.

Raha ya maigizo haya ni moja. Tunafunguliwa geti, tunaingia, tunagundua kwamba matajiri nao hulia. Ni raha halali. Lakini ina kishawishi ndani yake. Mtazamaji anaondoka akiwa amefarijika: kumbe na wao wana shida zao, afadhali mimi na uji wangu. Siri ya tajiri inakuwa burudani ya maskini, na kesho yake kila mtu anarudi mahali pake.

Tamthilia ya Kamiriithu haifanyi hivyo. Sehemu kubwa inatuketisha kwa Kiguunda. Kwa Kioi tunaingia kwa nadra, na tukiingia hatuonyeshwi chumba cha kulala. Hatumsikii Jezebel akimhoji mwanawe kuhusu mimba. Hatumwoni baba akikosa usingizi. Wahakiki wengine wameliona hili kuwa upungufu: familia ya Kioi, wanasema, imechorwa kwa mkaa, ni vikaragosi vya ubepari visivyo na roho. Hata majina yanawahukumu kabla hawajafungua kinywa. Muhuuni ni neno letu "mhuni" lililovaa koti la Kigikuyu. Ahab na Jezebel ni mfalme na malkia wa Biblia waliomuua Nabothi ili wachukue shamba lake la mizabibu.

Kuhusu majina hayo, niseme kitu cha darasani. Wanafunzi wangu ni Waislamu; kisa cha Nabothi hawakijui. Msomaji wa Limuru akisikia tu "Ahab" anajua shamba litakwenda. Wa kwangu hajui, kwa hiyo anafuata kisa kwa wasiwasi wa kweli. Anadhani pengine posa itakuja. Nilipowasimulia kisa cha Nabothi baada ya kumaliza kusoma, badala ya kuwaeleza mwanzoni kama nilivyozoea, walipiga kelele. Walihisi wamedanganywa pamoja na Kiguunda. Nimekata shauri kwamba kuanzia sasa sitatanguliza maelezo hayo. Wakati mwingine mwalimu anayejua mengi anamnyang'anya msomaji haki ya kushtuka.

Aibu inahamishwa

Sasa nirudi kwenye hoja. Je, ni kweli familia ya Kioi haina undani? Naona inao, isipokuwa waandishi wameuweka mahali tusipopatazamia. Jiulize: mimba ya Gathoni ni tatizo la nyumba gani? Kwa hesabu ya kawaida ni la nyumba mbili. Mtoto atakayezaliwa ni mjukuu wa Kioi kama alivyo mjukuu wa Kiguunda. Damu ni moja. Lakini kufikia mwisho wa mchezo tatizo lina nyumba moja tu. Muhuuni anakana, na kukana kwake kunatosha. Gathoni anafukuzwa na baba yake mwenyewe, anaishia kuhudumu katika baa. Aibu yote imebebwa ikashushwa kwenye nyumba ya udongo, na ile nyumba kubwa inabaki safi, sala zinaendelea.

Hiyo ndiyo siri ya nyumba ya Kioi, na ndiyo maana hatuhitaji kuonyeshwa chumba cha kulala. Siri haiko tena mle, imeshatolewa nje. Katika tamthilia za runinga tajiri huficha aibu yake kabatini. Hapa anaihamishia kwa jirani, halafu anamcheka jirani kwa kuwa nayo. Maskini ndiye kabati.

Tazama jinsi mambo mengine yanavyofuata mkondo huo huo. Tamaa ya ardhi ni ya Kioi na Ikuua, ila anayeambiwa ana dhambi ni Kiguunda. Deni linatengenezwa kwa faida ya tajiri, ila mdaiwa ni maskini. Hata ukatili una njia hiyo. Kiguunda anapokwenda kwa Kioi kudai haki ya binti yake, anachomoa upanga na kumlazimisha tajiri aweke sahihi ya ahadi. Jezebel anarejea na bastola. Bastola ilikuwamo nyumbani muda wote, katika nyumba ya watu wa sala, na hakuna aliyejua. Lakini kesho yake mwenye sifa ya ukatili ni nani? Ni mwenye upanga, kwa maana upanga wake ulining'inia ukutani kila mtu akiuona.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la mwanafunzi wangu. "Si ataibiwa?" Kiguunda anaanika kila kitu: hati, upanga, hasira, matumaini. Kioi hakuaniki lolote. Mchezo mzima ni shindano kati ya nyumba inayoonekana na nyumba isiyoonekana, na inayoonekana ndiyo inayoshindwa.

Nitaolewa: nani anasema?

Safu hii ni ya lugha, basi tusilipite jina la kitabu. Kiswahili kina "kuoa" na "kuolewa". Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi chenyewe kimeshagawa kazi. Kwa hiyo Nitaolewa Nikitaka ni jina lenye mvutano ndani yake. Neno la kwanza linamweka msemaji katika hali ya kutendwa, la pili linamrudishia hiari. Jina la Kiingereza haliwezi kuonyesha mvutano huu, kwa sababu Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Kisomali kinatukaribia: mwanamume tunasema guursaday, ameoa, mwanamke aghalabu tunasema la guursaday, yaani kuna aliyemwoa.

Ukilisoma jina bila kukifungua kitabu utadhani anayesema ni Gathoni. Utadhani ni kauli ya binti anayedai uhuru wake. Lahaula! Maneno hayo yanatokana na wimbo wa mlevi anayepita njiani. Gathoni hapewi. Na hapa ndipo ninapoikosoa tamthilia hii ninayoipenda. Gathoni ndiye anayesafirishwa Mombasa na Muhuuni, ndiye anayebeba mimba, ndiye anayefukuzwa, ndiye anayeishia kwenye baa. Kila kinachotendeka kinapita mwilini mwake. Lakini inapofika wakati wa kueleza maana ya yaliyotendeka, mwenye kauli ni jirani, Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani. Hotuba zake ni nzuri. Zina uzito, zina historia, na nadhani ndizo zilizoiudhi serikali. Hata hivyo, Gathoni anabaki kuwa mfano katika hotuba ya mtu mwingine. Baba anamfukuza, na mchezo unamhurumia baba.

Kwa maneno mengine, waandishi waliona wazi jinsi nyumba kubwa inavyoitua aibu yake kwenye nyumba ndogo. Hawakuona vizuri vile vile jinsi nyumba ndogo nayo inavyoitua aibu hiyo hiyo kwa binti. Mnyororo una pingili tatu. Tamthilia inaikamata ya kwanza na ya pili, ya tatu inaiacha ipite.

Utajiri wenye kwato

Sasa tuje nyumbani. Je, kisa cha hati na rehani kinamhusu nini mtoto wa Hulugho? Ardhi yetu ni ya jamii, ndivyo Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinavyosema. Hakuna benki itakayoishika ekari yako moja na nusu kwa kuwa hunayo. Utajiri wa Ijara una kwato. Ni ng'ombe, na ng'ombe hatundikwi ukutani. Tena nililelewa nikijua kwamba kumwuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni utovu wa adabu. Mwenye wengi hasemi, mwenye wachache hasemi. Kwetu kila nyumba ni nyumba ya Kioi kwa kiasi fulani: hatuaniki.

Kuna tofauti nyingine. Kioi na Kiguunda hawana udugu. Mmoja ni bwana, mwingine ni kibarua. Hapa tajiri ni adeer wako, ndugu wa baba. Mtoto wa mchungaji na mtoto wa mwenye ng'ombe ni reer moja. Hata neno "kabila" linatupotosha. Kiswahili kimelichukua kutoka Kiarabu kwa maana ya watu wa lugha moja. Kisomali kimelichukua hilo hilo, qabiil, kwa maana ya ukoo ndani ya watu wa lugha moja. Mwanafunzi wangu akisoma katika kitabu chochote cha Kiswahili kwamba kabila fulani lilimdhulumu maskini wake, anafikiria ukoo wa mjomba. Matabaka kwake si jambo la mtaa wa juu na mtaa wa chini. Ni jambo la sinia moja, na nani anapewa nyama gani.

Kwa muda mrefu nilidhani tofauti hizi zinaifanya tamthilia iwe ya wengine. Ukame ndio ulionirekebisha. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na nchini mwetu mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Waliokuwa na uwezo wa kuhamisha ng'ombe waliwapeleka kusini, kuelekea msitu wa Boni na Lamu, wakingoja. Wengine hawakurudi na kitu. Mvua ilipokuja mwishoni mwa 2023, ilikuja kwa mafuriko.

Wakati huo nilijifunza jinsi nyumba kubwa inavyoanguka bila kelele. Mgeni akija bado anachinjiwa mbuzi, ila ni mbuzi wa kukopa. Mzee bado anakaa mahali pake barazani, bado anaombwa ushauri kuhusu malisho, na hakuna anayemwambia kwamba anajua. Tunaita ceeb, neno lile lile ambalo kwa Kiswahili ni aibu. Tunailinda heshima ya mtu kwa kunyamaza, na mara nyingi ni wema. Mtu aliyepoteza ng'ombe wote hahitaji pia kupoteza uso wake.

Lakini nyumba iliyoanguka kimya inahitaji fedha, na fedha haziji kimya. Hapo binti anaonekana. Yarad, mahari ya kwetu, inaweza kurudisha ng'ombe kadhaa zizini. Sisemi kila nyumba ilifanya hivyo. Nyingi hazikufanya, na wapo wazee waliouza hadi kitanda ili binti amalize shule. Nasema tu kwamba njia ipo, na kila mtu anaijua.

Nyumba moja ninayoijua

Nina sababu ya kuandika haya. Katika darasa lile chini ya mgunga alikuwepo msichana aliyekuwa akisoma sehemu za Jezebel. Alizisoma kwa madaha hadi wenzake wakamwita Jezebel nje ya darasa, naye akacheka. Nyumba yao ilikuwa ya kutajika, nyumba ambayo mtu akipotea njia huelekezwa kwayo. Muhula uliofuata hakurudi. Nilimwuliza binamu yake, akaniambia, "Maalim, yuko safari." Nikajua. Nilikuwa nimejua tangu likizo, kwa kuwa baba yake ni mtu ninayemwita adeer, na nilikuwa nimeona zizi.

Nilifanya nini? Nilisema, "Haya, Mungu amrudishe salama," nikampa mwanafunzi mwingine sehemu za Jezebel. Nilikuwa nimekaa wiki nane nikiwafundisha watoto jinsi nyumba kubwa inavyohamisha aibu yake, jinsi jirani anavyogeuzwa kabati, jinsi Gathoni anavyonyimwa kauli. Na siku ilipofika, nikawa kabati. Nilijiambia kwamba ni heshima. Nilijiambia kwamba si nyumba yangu. Ningeweza kwenda barazani, nikae chini, nizungumze na mzee kama mtoto anavyozungumza na adeer wake, bila kelele na bila kumvunjia uso. Lugha yetu inayo namna ya kusema mambo kama hayo. Sikwenda.

Ndiyo maana siridhiki tena na maswali ya mwongozo yanayomtaka mwanafunzi "ajadili maudhui ya ukoloni mamboleo". Yajadiliwe, ni ya kweli. Lakini ningependa mwalimu aongeze mawili. La kwanza: katika kila onyesho, aibu hii ilianzia nyumba gani, na sasa iko kwa nani? La pili: ni nani anayejua na amenyamaza? Ukiuliza la pili utashangaa. Wangeci anajua mapema kuliko mumewe. Ndugire na Helen, wale walokole wanaoandamana na Kioi, wana macho. Jukwaa limejaa watu wanaojua. Hata sisi watazamaji tunajua, na tumelipa kiingilio ili tujue.

Je, tamthilia ya mwaka 1977 imechakaa? Mwenye kutaka kuona ustadi wa kuchora nafsi za matajiri atafute kwingine. Kioi ni mwembamba, Jezebel ni mwembamba, na hotuba za mwisho ni ndefu kuliko subira ya darasa la saa nane mchana. Nakiri wanafunzi wawili walisinzia. Lakini kwa ramani ya njia inayopitwa na aibu kutoka nyumba ya matofali hadi nyumba ya udongo, sijasoma tamthilia ya Kenya inayoishinda.

Yule mwanafunzi aliyeandika "hanti" nilimrudishia daftari. Pembeni niliandika tahajia sahihi, kama kazi yangu inavyonidai, na chini yake nikamwandikia kwamba wazo lake lisibadilishwe. Alikuja baadaye kuniuliza jambo moja zaidi. "Maalim, kama hati ni hanti ya Kiguunda, hanti yetu sisi ni nini? Ng'ombe wamekufa." Sikuwa na jibu. Nilitazama mahali alipokuwa akiketi yule msichana, naye akatazama huko huko, kisha sote wawili tukatazama kwingine.